Gari ni namba E lakini injini ilishachemsha: ninachoangalia kabla hujatoa hela

Mimi ni fundi injini hapa Dar, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu sio kutengeneza ni kukagua, mtu kaona gari mtandaoni au dalali kampigia simu, ananiambia fundi twende ukaniangalizie kabla sijalipa. Swali la kwanza la karibu wateja wote ni hilo hilo, ni namba gani, yaani ile herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao, E ikiwa imesajiliwa karibuni kuliko C. Akisikia namba E roho inatulia, akisikia namba C anataka kuondoka hata boneti haijafunguliwa.

Jamani namba inakwambia gari imesajiliwa lini Tanzania, basi. Kenya gari iliyozidi miaka 8 hawairuhusu kuingia, kwetu inaingia ila unalipa ushuru wa uchakavu, 15% kama ina miaka 8 hadi 10, na 30% ikizidi 10, na watu wanalipa kwasababu ukijumlisha yote bado inatoka nafuu kuliko kuagiza gari ya juzi. Kwahiyo Toyota IST ya 2004 inaweza kushuka bandarini leo ikapewa namba E, alafu IST nyingine ya 2006 ina namba C, mwenyewe anaifanyia service kwa wakati na injini iko safi. Wewe ukichagua kwa kibao umechukua ya kwanza na umelipa zaidi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, anzia hapo.

Kilometa nazo usiziamini kichwa kichwa, zinarudishwa. Angalia raba ya pedeli ya breki, usukani ulivyolainika, ukingo wa siti ya dereva upande wa mlango. Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, angalia kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti kama kuna stika ya Kijapani ya kubadilisha oili, mara nyingi wameandika kilometa na tarehe, ila mwaka wao wanahesabu kwa zama za mfalme. Ukikuta Heisei 27 jumlisha 1988 unapata 2015, na Reiwa jumlisha 2018. Kama stika ya 2015 inasema kilometa 110,000 na dashibodi leo inasoma 78,000, hapo huhitaji fundi wa kukwambia.

Haya sasa nije kwenye kitu kinachoniuma, maana ndicho kinaua injini nyingi ninazozifungua: gari iliyowahi kuchemsha ikafichwa. Hapa mjini kuna imani imekaa vichwani mwa madereva na mafundi wengi tu kwamba sisi nchi yetu ni joto, kwahiyo thamostati ni ya nchi za baridi, itoe utupe, coolant ni kupoteza hela, weka maji ya bomba, na feni ikisumbua ifunge dairekti iwe inazunguka muda wote. Mambo yote matatu nakutana nayo kwenye gari moja, na muuzaji anaapa injini haijaguswa toka Japani.

Thamostati haipo pale kwa ajili ya baridi ya nje. Ni kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, gari ndogo nyingi za Toyota kinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata joto au haifiki kabisa ukiwa barabara ya wazi, na kompyuta ya gari ikisoma sensa ikaona injini bado ya baridi inaendelea kumwaga petroli nyingi kama vile ndo umewasha asubuhi. Ndio maana unasikia mtu analalamika hii IST inakula mafuta kuliko ya mwenzangu, kabadilisha plagi, kasafisha nozeli, na hakuna aliyemuuliza kama thamostati ipo. Na ukute ilitolewa kwasababu gari ilikuwa inachemsha kweli, wakaondoa hiyo badala ya kutafuta chanzo, rejeta imeziba au wota pampu imechoka au gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, imeanza kuvuja.

Coolant nayo sio rangi. Nyekundu, kijani, bluu, hiyo ni rangi tu wanayoweka kiwandani na kila kampuni ina yake, chenye kazi ni dawa iliyomo ndani inayozuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Injini kama 1NZ ya IST, Spacio na Raum bloku na hedi zote ni aluminiamu, na maji ya visima vyetu vingi huku Dar yana chumvi, yanakula ile aluminiamu taratibu na kuacha magamba kwenye njia nyembamba za rejeta. Hutaona kitu mwezi huu wala ujao. Utaona Desemba ukiwa unaenda nyumbani na familia, gari imejaa mizigo, AC inafanya kazi, umeanza kupandisha mlima Kitonga kule Iringa nyuma ya lori.

Kwahiyo nikienda kukagua, sharti langu la kwanza namwambia muuzaji asiwashe gari kabla sijafika, nataka niikute ya baridi. Nikifika nagusa injini kwanza, kama ina joto nauliza kwanini, maana gari nyingi zenye shida zinajificha zikishapata moto. Nafungua mfuniko wa rejeta, naangalia maji yana rangi gani, yana kutu, yana utando wa oili juu? Nafungua na mfuniko wa oili, nikikuta oili imegeuka kama chai ya maziwa maji na oili vimekutana, hapo naanza kumvuta mteja pembeni. Nikiwasha nashika mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mgumu ndani ya dakika moja mbili wakati injini bado haijapata joto, ile presha sio ya maji, ni gesi inayotoka kwenye silinda kupitia gasketi. Mpira wa upande ilipo thamostati, injini nyingine ni wa juu nyingine ni wa chini, unatakiwa ubaki wa baridi kwa muda alafu ndo upate moto, hapo thamostati imefunguka. Ukipata joto polepole toka mwanzo, haipo au haifungi. Feni iwake na kuzima yenyewe, AC ikiwa imezimwa.

Na nawasha hita. Watu wananishangaa, Dar hita ya nini, lakini hewa ya moto isipotoka naenda kuangalia mipira yake, mara kadhaa naikuta imeunganishwa kwa njia ya mkato kwasababu ilivuja na mtu hakutaka gharama. Aliyefanya hivyo na mengine atakuwa ameyafanya.

Taa za dashibodi usiziruke. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini, ya oili, ya airbag na ya ABS zote zinatakiwa ziwake, alafu ukishawasha injini zizime. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, maana huenda kuna mtu amechomoa balbu.

Gia boksi nitasema kifupi. IST ya kwanza, ile ya 2002 mpaka 2007, ni automatiki ya kawaida ya gia nne, ya pili iliyotoka 2007 nyingi zina CVT, na Nissan X-Trail hivyohivyo, automatiki ya toleo la kwanza T30 ni gia za kawaida, toleo la pili T31 nyingi ni CVT. Aina hizi mbili za gia boksi hazitumii oili moja. CVT inaendeshwa na mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli, inahitaji oili yake, ukiweka haidroliki yoyote nyekundu ya dukani mkanda unateleza na unakwangua puli. Muulize muuzaji waliweka oili gani, kama hana jibu ihesabu gharama hiyo kwenye bei.

Ukishainunua wiki hiyohiyo osha mfumo wa maji, weka thamostati kama haipo, weka coolant na mfuniko mpya wa rejeta, ile presha yake ndo inazuia maji yasichemke mapema na ni kitu cha bei ndogo tu. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ikiwa ya baridi na nyekundu ikizidi, nyekundu ikiwaka ujue umeshachelewa kidogo, na maji yakiwa yameisha kabisa sensa inaweza isisome sawasawa. Simama hapohapo, zima AC, zima injini, usifungue mfuniko wakati kuna moto maana mvuke unababua uso, subiri mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono. Usimwagie maji ya baridi hedi ya aluminiamu ikiwa inaungua, inapinda au inapasuka. Ukishaongeza maji ukaona yanapungua tena, usijaribu kusogea mpaka kituo kinachofuata, ita brekidauni, maana bei ya kuvutwa huwezi kuilinganisha na ya hedi mpya.