Rangi juu ya oili sio kuandaa gereji

Jumamosi nimepigiwa simu na mama mmoja wa Tegeta anauza nyumba yake. "Mwanangu, gereji usiwe na wasiwasi, fundi ameshapaka rangi sakafu yote, inang'aa." Nikaishiwa nguvu. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na wote wanaamini kitu kilekile, kwamba doa la oili ukishalifunika na rangi ya kijivu basi mnunuzi haoni kitu na bei inapanda. Leo naomba nilieleze mpaka mwisho. Naongelea gereji ya nyumbani, pale gari inapolala, sio ya mafundi magari. Na kabla ya udalali nilikuwa fundi rangi, kwa hiyo hili nimelishika kwa mikono yangu.

Sementi inakunywa. Hata iliyopigwa niru vizuri, ule upako laini wa sementi wa juu, ina vitundu vidogo vidogo, na gari inayovuja oili sehemu moja miaka sita, ile oili haipo juu, imeshaingia ndani. Ukipaka rangi pale inashika oili, haishiki sementi. Gari inarudi kutoka barabarani tairi zina moto, zinalainisha rangi, zikipoa zinaganda nayo, asubuhi ukitoa gari unaondoka na vipande vya rangi kwenye tairi. Nilimpeleka mteja Mbezi Beach, mzee mmoja mtulivu sana, akachuchumaa akakwangua sakafu na ufunguo wa gari yake, rangi ikatoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Hakusema neno kuhusu gereji. Akaanza kuuliza kuta za vyumbani zimepakwa lini, na kwa nini zimepakwa juzi juzi. Unaona tatizo lilipo? Doa lilikuwa doa tu, lakini rangi imemfanya aitilie shaka nyumba nzima.

Sasa ufanye nini. Mwaga maranda makavu juu ya doa, kanyaga kanyaga, acha yalale usiku mzima yanyonye, kisha fagia. Maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ya waya, sugua kweli kweli, rudia. Petroli usitumie, inayeyusha oili na kuisambaza zaidi, na mvuke wake ndani ya chumba kilichofungwa cheche moja inatosha kuwaka. Pakikauka dondoshea matone ya maji, yakikaa juu kama shanga ujue oili bado ipo, yakizama na sementi ikawa nyeusi kidogo umefika. Niru iliyosuguliwa sana nayo inakunywa taratibu, kwa hiyo subiri dakika kadhaa kabla hujahukumu.

Na nikiri kitu, mara nyingi doa haliishi. Nimeshasugua mara tatu na kivuli kikabaki palepale. Zamani hilo lilinisumbua, siku hizi nawaambia wenye nyumba waache kivuli kionekane, gereji iliyooshwa yenye kivuli mnunuzi anaielewa, kila mwenye gari anajua gari inavuja.

Kama bado unataka rangi, pima unyevu kwanza, hasa maeneo ya chini kama Mikocheni na Msasani ambako maji hayako mbali na uso wa ardhi. Kata nailoni nzito sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa seloteepu pande zote nne, iache kama masaa 16 hivi. Ukiifunua ukakuta matone chini yake, rangi itavimba tu, hata ungenunua epoksi, ile rangi ngumu ya sakafu, ya bei gani. Na masika ya Machi mpaka Mei ndio usijaribu kabisa.

Mengine haraka haraka. Toa makochi ya zamani, madumu, baiskeli za watoto walioshamaliza chuo. Weka taa inayowaka. Paka grisi reli za geti, karibu na bahari chumvi inazila. Kama uliigeuza kuwa fremu ya duka, kaangalie kibali cha ujenzi kinasemaje kabla mnunuzi hajauliza. Na pima, andika vipimo ukutani. IST ina urefu wa mita 3.85 hivi, Prado inakaribia 4.8 na upana karibu 1.9 bila vioo vya pembeni, gereji nyingi za zamani Prado inaingia ila dereva hafungui mlango.

Kwa mama wa Tegeta tunakwangua Jumatatu. Nilimwamkia, nikamweleza yote haya taratibu, akanisikiliza. Fundi wake ndio alikuwa anataka kurudi na rangi nzito zaidi, nimemwambia aje na brashi ya waya na gunia la maranda, kopo aliache dukani.