Tuanze na lipi?

Nilipoanza uuguzi wa afya ya akili, swali la kwanza kwa ndugu waliomleta mgonjwa lilikuwa: "Anapiga watu?" Akipiga, sindano ya usingizi na wodi yenye geti. Aliyekaa kimya akikodolea macho ukuta alirudishwa nyumbani na panadoli. Huyo wa pili ndiye tuliyemkosea zaidi, na ndio wengi.

Aliyenibadilisha mawazo yuko Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari wa akili Dixon Chibanda alipoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali, dola 15. Mwaka uliofuata, bila bajeti wala chumba, alianza kazi na bibi 14 wa Mbare, Harare, kwenye benchi nje ya zahanati. Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hapo hatakaa mtu. Likawa Benchi la Urafiki, na sasa limefika hadi Zanzibar.

Bibi hatoi dawa. Kuna maswali 14 ya Kishona ya kutambua dalili, na neno linalojirudia kwa wagonjwa ni kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. (Kwetu kufunga ni komeo na minyororo, kwao kufunga ni kuwaza. Sijaacha kulistaajabia hilo.) Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua mawazo: mtu anamwaga yote, kisha anachagua tatizo moja linaloshikika na kupanga hatua ya wiki hii. Si "maisha magumu", ni kodi ya chumba.

Jaribio lililochapishwa 2016 lilihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, kati ya waliopitia benchi, waliobaki na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) walikuwa asilimia 13.7, kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, 49.9.

Benchi halitibu skizofrenia, tusidanganyane. Anayesikia sauti anahitaji dawa, na ikikosekana zahanati ya jirani tumerudi kwenye nauli. Wanaonitajia programu za simu za afya ya akili huwa nawauliza kwanza kama sindano ya mwezi ya dawa hiyo ipo kwenye kabati. Simu itasaidia, hasa kumfuatilia aliyeacha kuja, lakini baada ya hapo.

Juzi mama mmoja alinimwagia yake kwa karibu saa nzima: mume, deni la kikoba, kukosa usingizi.

"Pole sana, mama. Katika yote haya, tuanze na lipi?"

Akanyamaza, akikunja ncha ya kanga.

"Paa," akasema. "Linavuja upande anaolala mtoto."