Mama wa Kikaburu aliyeko kichwani mwa Pieter-Dirk Uys

Ukimwambia mtu kwamba kuna mwanamume wa Afrika Kusini aliyejipatia jina kwa kuvaa gauni, wigi na kope za bandia, hakuachi umalize: hayo ni mambo ya vilabu vya usiku. Pieter-Dirk Uys, mchekeshaji na mwandishi wa tamthilia, mzaliwa wa Cape Town wa mwaka 1945, hakuanzia huko kabisa.

Eti ni burudani ya usiku tu

Evita Bezuidenhout, mwanamke wa kubuni ambaye Uys humwigiza, alizaliwa gazetini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Uys alikuwa na safu katika gazeti la Sunday Express la Johannesburg. Wadhibiti wa serikali ya ubaguzi wa rangi walishapiga marufuku tamthilia zake, na mengi hayakuandikika waziwazi. Basi akayatia kinywani mwa mama mmoja wa Kikaburu, mke wa mbunge wa chama tawala, mpenda umbea wa karamu za wakubwa wa Pretoria. Mama huyo hakuipinga serikali hata siku moja. Aliisifu, na kadiri alivyoisifu ndivyo alivyoivua nguo.

Mwaka 1981 mama akapanda jukwaani. Waziri Mkuu P. W. Botha alikuwa amewaambia wazungu wenzake wabadilike au wafe. Uys akabadili herufi moja tu ya Kiingereza katika jina la onyesho lake, na "kufa" (die) kukawa "kupaka nywele rangi" (dye).

Eti Evita yupo kweli

Hayupo, ingawa ana mume, watoto watatu na cheo. Alikuwa balozi wa Afrika Kusini katika Bapetikosweti, nchi ambayo hutaipata kwenye ramani yoyote. Hapo ndipo penye sindano. Pretoria yenyewe ilikuwa ikitangaza "nchi huru" za Waafrika ndani ya mipaka yake, Transkei mwaka 1976, Bophuthatswana mwaka uliofuata, na Umoja wa Mataifa ukakataa kuzitambua. Sasa nani alikuwa mwigizaji zaidi, Uys na ubalozi wake wa kubuni, au mawaziri waliopigia saluti bendera za nchi walizozibuni wenyewe?

Eti mwanamume akivaa kike anawadhihaki wanawake

Wako wanaofanya hivyo, na vichekesho vyetu wenyewe vimejaa wanaume waliojifunga khanga kiunoni ili tu watu wacheke. Ila Uys humvaa yeyote mwenye madaraka. Alimwiga Botha kwa kile kidole cha kutishia na ulimi wa kulamba midomo. Mara nyingi hubadilika mbele ya watazamaji: anainama kwenye boksi, anatoa miwani au kofia, akiinuka ni mtu mwingine. Nami nadhani weupe wake na Ukaburu wa baba yake vilimkinga. Msanii mweusi angelipia maneno yaleyale kwa gharama nyingine.

Kuna jambo la nyumbani pia. Mama yake, mpiga piano Helga Bassel, alikuwa Myahudi kutoka Ujerumani aliyekimbia Wanazi. Watoto walikuja kujua Uyahudi wake baada ya yeye kufariki.

Eti kazi yake ilikwisha ubaguzi ulipoanguka

Baada ya uchaguzi wa 1994 Evita alimhoji Nelson Mandela kwenye televisheni. Kisha ukaja UKIMWI, na Rais Thabo Mbeki akawa anatilia shaka kwamba virusi vya UKIMWI ndivyo vinavyouleta. Uys akaanza kuzunguka shuleni bila malipo, akiwachekesha wanafunzi huku akiwaeleza habari za kondomu ambazo watu wazima wengi waliona haya kuzitaja.

Makao yake yakawa Darling, mji mdogo kaskazini mwa Cape Town, ambako alinunua stesheni ya reli iliyoachwa akaigeuza ukumbi. Akaiita Evita se Perron. Ndani ya jina hilo yumo Eva Perón, mke wa rais wa Argentina aliyeitwa Evita, na "perron" kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, ni pale abiria wanaposubiria treni. Kiswahili kinaunogesha utani huo kuliko alivyokusudia, maana pale pa kusubiria treni nasi twapaita jukwaa.