Picha imesema "kawaida", lakini bado naumwa: maswali na majibu kuhusu vipimo vya picha na magonjwa adimu

Kazi yangu ni kusoma picha za wagonjwa: eksirei, ultrasaundi, CT (eksirei inayouonyesha mwili kipande kwa kipande) na MRI (picha inayopigwa kwa sumaku kubwa). Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu ambao ugonjwa wao umechelewa kupata jina, na wazazi wanaozunguka na mtoto kutoka kipimo hadi kipimo. Nimeyajibu kama ninavyowajibu ana kwa ana.

Nimepigwa eksirei, ripoti ikasema "kawaida". Maumivu yapo palepale. Ndiyo kusema sina ugonjwa?

Hapana. Katika vile ambavyo eksirei inaweza kuvionyesha, hakuna kilichoonekana kimeharibika. Basi.

Eksirei ni kivuli. Mionzi hupenya mwili na kila kitu huizuia kwa kiasi chake. Hewa karibu haiizuii kabisa, ndiyo maana mapafu hutoka meusi. Mfupa huizuia sana, ukatoka mweupe. Mafuta yana kijivu chake. Lakini misuli, ini, damu, maji na usaha vina kijivu kinachokaribiana mno, na jicho haliwezi kuvitenganisha. Gegedu la goti halionekani. Mshipa wa fahamu uliobanwa hauonekani. Mtu mwenye ganzi mguuni akipigwa eksirei ya kiuno ikatoka "kawaida", amejibiwa habari za mifupa yake, na yeye shida yake ilikuwa mishipa ya fahamu.

Neno hilo limewatuliza wengi kabla ya wakati. Ukiambiwa "kawaida", uliza: kipimo hiki kilikuwa kinatafuta nini, na nini hakiwezi kukiona? Si utovu wa adabu kuuliza hivyo.

Basi bora niombe MRI moja kwa moja?

MRI ni hodari kwa ubongo, uti wa mgongo, viungo na misuli, lakini haishindi kila mahali. Chukua mtu mzima aliyeanza kuanguka kifafa ghafla. Moja ya sababu ni mabuu ya tegu wa nguruwe waliojificha kwenye ubongo. Buu akishakufa siku nyingi huacha chembe ya chokaa, na chembe hiyo CT huionyesha wazi kama punje nyeupe, wakati MRI inaweza kuipita. Buu akiwa bado hai huonekana kifuko cha maji chenye kidoti ndani yake. Kidoti hicho ni kichwa cha mnyoo. Ni moja ya picha chache sana zinazotosha zenyewe kuutaja ugonjwa.

CT ina sifa nyingine ambayo wagonjwa hawaambiwi: inapima. Tangu Godfrey Hounsfield, mhandisi aliyebuni CT, alipompiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo jijini London tarehe 1 Oktoba 1971, kila nukta ya picha ya CT ina namba yake. Maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta yako karibu na hasi 100. Tuseme umeonekana uvimbe kwenye figo na kila mtu amekata tamaa. Msomaji anaweka kipimo katikati ya uvimbe, namba inasoma hasi 60. Hayo ni mafuta, na uvimbe wa figo wenye mafuta dhahiri ndani karibu kila mara si saratani. Hapo namba imefanya kazi ambayo jicho peke yake lingesita kuifanya.

Na ultrasaundi isidharauliwe kwa kuwa ni mashine ndogo. Miaka ya 1950 mjini Glasgow, Profesa Ian Donald aliletewa mwanamke aliyekwisha kuambiwa ana saratani ya tumbo isiyofaa hata kupasuliwa. Mawimbi ya sauti yakaonyesha mfuko mkubwa wa maji unaotokana na ovari. Ulitolewa, mama akapona. Mpaka leo, uvimbe ukiwa na maji matupu ndani, ultrasaundi huutambua mara moja.

Msomaji wa picha anatambuaje ugonjwa ambao hajawahi kuuona?

Barani Ulaya ugonjwa huitwa adimu ukiwa haupati zaidi ya watu 5 kati ya 10,000, na magonjwa ya namna hiyo yanapita 6,000. Hakuna anayeyakariri yote. Tunachofanya ni kugundua kwamba kitu hakiko mahali pake, kisha kuuliza kwa nini.

Nitoe mfano wa eksirei ya kifua. Ncha ya moyo inaelekea kulia badala ya kushoto. Kabla sijawaza ugonjwa wowote naangalia ile herufi ya madini ya risasi inayowekwa pembeni ya picha kuonyesha upande, kwa sababu huenda picha imegeuzwa tu. Ikiwa herufi iko sawa, nashuka chini ya kifua kutafuta ile hewa ya tumbo la chakula, ambayo kwa kawaida hukaa kushoto. Ikiwa nayo imehamia kulia, viungo vyote huenda vimegeuka kama mtu anayejitazama kwenye kioo: ini kushoto, bandama kulia, kidole tumbo kushoto. Hali hiyo humpata takriban mtu 1 kati ya 10,000, na wengi huishi nayo bila shida. Shida huja siku kidole tumbo kinapovimba: maumivu yanakuja kushoto na watu wanawaza kila kitu isipokuwa hicho.

Sijamaliza. Mtu huyu akiwa na kikohozi cha makohozi tangu utotoni na mafua yasiyokwisha, picha ile ile inanipeleka kwenye ugonjwa wa kurithi ambapo vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa havifanyi kazi. Karibu nusu ya wenye ugonjwa huo wana viungo vilivyogeuka. Lakini kikohozi cha tangu utotoni hakimo kwenye eksirei. Lazima mtu aniambie.

Mgonjwa anapaswa kufanya nini ili picha yake isomwe vizuri?

Ahakikishe fomu ya kuombea kipimo ina habari zake. Hapa ndipo ninapoumia zaidi katika kazi hii.

Nakumbuka fomu iliyokuwa na maneno matatu: "maumivu ya tumbo". Ilikuwa CT ya tatu ya mwanamke kijana, mbili za mwanzo zote "kawaida". Nilitoka nikamuuliza mwenyewe. Alisema maumivu huja muda mfupi baada ya kula, juu ya kitovu, na kwamba sasa anaogopa chakula. Suruali aliifunga kwa kamba. Maelezo hayo yanamfanya msomaji awaze mishipa inayopeleka damu tumboni. Kuna utepe wa nyama, sehemu ya ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambao kwa baadhi ya watu hukaa chini mno na kuukaba mshipa mmoja wapo. Unakaba zaidi mtu anapotoa pumzi. Nasi CT ya tumbo tunaipiga kwa kumwambia mgonjwa avute pumzi na kuizuia! Kwa hiyo tukampiga picha ya mishipa, safari hii akiwa ametoa pumzi, na mbano ukaonekana. Hata hapo hatukukimbilia kisu, maana wapo watu wengi wenye mbano kama huo wasiosikia chochote. Ni maelezo yake na picha kwa pamoja vilivyoelekeza matibabu.

Zile picha mbili za kwanza hazikukosewa. Zilijibu swali zililoulizwa.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambao kila msomaji wa picha anaujua. Wataalamu 24 walipewa CT za mapafu watafute vinundu vidogo. Katika picha ya mwisho watafiti walichomeka mchoro wa sokwe, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha wastani. Wataalamu 20 hawakumwona, na wengi wao macho yao yalipita palepale alipokuwa. Hawakuwa wazembe; walikuwa wanatafuta vinundu, na akili ikachuja mengine. Ugonjwa adimu ni sokwe huyo. Sentensi moja kwenye fomu inaweza kumfanya aonekane.

Kwa hiyo kabla hujaingia chumba cha kipimo mwambie mpiga picha: inauma wapi hasa, tangu lini, nini huiamsha, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na kama kuna mtu wa ukoo mwenye tatizo kama lako. Leta picha za zamani. Kivuli ambacho hakijabadilika kwa miaka kumi kinasomwa tofauti kabisa na kilichoota mwaka huu.

Je, picha inaweza kumwepusha mtu na kisu?

Inaweza, na upo ugonjwa mmoja ambao natamani kila anayehudumia watoto aujue. Kwa kifupi huitwa FOP. Humpata takriban mtu 1 kati ya milioni 1 hadi 2. Misuli na kano hugeuka mfupa kidogo kidogo, mpaka viungo vinakataa kukunjika. Mara nyingi mtoto huanza na uvimbe mgumu unaouma shingoni au mgongoni, pengine baada ya kuanguka. Wanaouona huwaza saratani, na hatua inayofuata kwa kawaida ni kukata kinyama kipimwe maabara. Kwa mtoto huyu hatua hiyo inadhuru, kwa sababu jeraha lile huchochea mfupa mpya kuota hapo hapo. Hata sindano ya kwenye msuli inaweza kuleta hayo.

Jibu liko miguuni. Karibu wote wenye FOP huzaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi, vilivyopinda kuelekea vidole vingine. Mvue mtoto soksi. Kisha eksirei ya miguu yote miwili, ambayo ni picha ya dakika chache, inaonyesha mifupa ya vidole hivyo ilivyoumbika tangu tumboni. Kipimo cha jeni iitwayo ACVR1, iliyogunduliwa kuhusika mwaka 2006, huthibitisha bila kukata popote. Wapo watoto waliokatwa vinyama kwa sababu uvimbe ulikuwa mgongoni na hakuna aliyetazama miguu, na mfupa ulioota hautoki.

Wamekuta kitu ambacho hawakukitafuta. Niogope?

Hutokea mara kwa mara. Kadiri mashine inavyoona vizuri ndivyo inavyookota alama, vifuko vya maji na makovu ambayo mtu angeishi nayo bila kujua. Figo zilizoungana kwa chini zikafanana na kiatu cha farasi hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 500, na wengi hawapati tabu yoyote. Muulize daktari kama kitu hicho kinaelezea dalili zako, na kama kinahitaji kurudiwa, lini. Vingi havihitaji.

Na mionzi? Nimeshapigwa picha nyingi.

Ultrasaundi na MRI hazina mionzi ya aina ya eksirei. Kwa mwaka mmoja, mtu yeyote hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, hewani na angani, kwa wastani wa dunia kama milisiveti 2.4 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi). Eksirei ya kifua ni takriban 0.1 au chini ya hapo. CT ya tumbo ni kama 8 hadi 10. CT yenye sababu nzuri usiikatae. CT ya pili inayorudiwa eti kwa sababu ya kwanza imepotea, hiyo ndiyo ya kulalamikia. Kama ni mjamzito au unahisi hivyo, sema kabla ya kipimo. Kwa MRI, taja chuma chochote kilichomo mwilini: betri ya moyo, klipu, kipande kilichoruka jichoni ukiwa kazini. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu takriban mara 30,000 ya ile ya dunia, na haizimwi mtu akiingia.

Madaktari wamesema hawajui ni nini. Nifanye nini?

Daktari anayekubali kuwa hajui anakusaidia kuliko anayebandika jina lisilofaa. Omba picha zako zisomwe na mtu mwingine anayeshughulika na sehemu hiyo ya mwili kila siku. Yule anayesoma mifupa peke yake huenda ameuona ugonjwa wako mara tano, wakati mimi sijauona hata mara moja.

Ili asome, anahitaji picha zenyewe, kwenye diski au kwa njia ya mtandao. Ripoti ya karatasi haimtoshi, kwa sababu hiyo ni macho ya mtu mwingine. Na picha uliyopiga kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta haimfai. CT moja ina mamia ya vipande. Msomaji huvipitia juu hadi chini na kurudi, hubadili mwanga aone mfupa, kisha mapafu, kisha nyama laini, na huweka kile kipimo cha namba katikati ya uvimbe. Kwenye picha ya simu kipande ni kimoja, mwanga ni mmoja, na namba hazipo. Kwa hiyo siku ya kipimo, kabla hujaondoka, nenda dirishani uombe nakala kamili, uandike tarehe juu yake kwa kalamu, uiweke pamoja na zile za zamani.