Kairopraktiki: ule mlio wa mgongo si mfupa unaorudi mahali pake

Mgonjwa amelala ubavu kwenye kitanda chembamba, goti la juu limekunjwa, mikono imekumbatia kifua. Mtaalamu anamwinamia, anampinda kiuno polepole mpaka mwili ukatae kwenda zaidi, anamwambia avute pumzi na kuishusha, kisha anasukuma mara moja, ghafla. Kwaa! Mgonjwa anacheka kwa mshangao. Na wewe unayetazama video hiyo kwenye simu unajisemea: naam, mfupa umerudi.

Haujarudi, kwa sababu haukuwa umetoka. Pingili ya mgongo iliyohama kweli kwa ghafla ni jambo la ajali ya pikipiki au kuanguka mnazini, na mtu wa namna hiyo hapindwi kitandani, anapelekwa hospitali akiwa amefungwa shingo asitikisike.

Kairopraktiki ni taaluma ya kushughulikia maumivu ya mgongo, shingo na maungo mengine kwa mikono. Aliyeisomea hafanyi upasuaji, na kwa kawaida haandiki dawa. Kazi yake kubwa ni huo msukumo mfupi wa haraka kwenye kiungo. Atauliza maumivu yalianza lini na yanashukia wapi, atakugonga goti kwa kinyundo kuona neva zinavyoitika, atakuinamisha na kukuzungusha, atapapasa mgongo pingili kwa pingili. Wengine hutumia kifaa kidogo chenye springi kinachogonga badala ya mikono, au kitanda ambacho kipande chake hushuka kidogo wakati wa kusukumwa. Sisi tuna wakandaji wetu, na mtu anaweza kuuliza tofauti iko wapi. Anayekuchua kwa mafuta ya nazi anafanya kazi na misuli, taratibu na kwa muda mrefu. Huyu analenga kiungo chenyewe, na msukumo wake unakwisha kabla hujawahi kuukazia misuli.

Jina limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono na kutenda. Aliyeanzisha jambo lenyewe ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akijipatia riziki kwa uganga wa sumaku katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1895 alikutana na Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Palmer alisema ameona uvimbe mgongoni mwa Lillard, akausukuma, na usikivu ukarudi. Kisa hiki bado husimuliwa kwa heshima, lakini kina tatizo: neva ya kusikia hutoka sikioni ikaingia moja kwa moja kwenye ubongo, ndani ya fuvu, wala haipiti mgongoni. Palmer hakujali. Alijenga nadharia kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama na kubana neva, na mwaka 1897 akafungua shule. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu watu bila leseni. Uhasama na madaktari wa kawaida uliendelea miongo mingi, hadi mwaka 1987 mahakama ya Marekani ilipoamua kwamba chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kilivunja sheria ya ushindani kwa kuisusia kairopraktiki.

Ninayataja haya kwa sababu taaluma hii hadi leo ina nyuso mbili. Wapo waliomwacha Palmer na nadharia yake zamani, wanaotibu mgongo tu na kufuata utafiti. Na wapo wanaokuambia kwamba pingili zako zimepotoka, ndiyo maana una pumu, ndiyo maana mtoto halali. Ukiingia kwenye chumba chao, ni vizuri kujua umekutana na nani.

Sasa turudi kwenye ule mlio.

Uti wa mgongo una pingili 33, lakini zinazocheza ni 24: saba za shingo, kumi na mbili za nyuma ya kifua na tano za kiuno. Zilizobaki zimeungana kati ya nyonga na kifandugu. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mto mgumu wenye kiini laini. Upande wa nyuma kuna viungo vidogo, viwili kila ngazi, na kila kimoja kimefunikwa kwa mfuko wenye ute wa kulainisha. Ndani ya ute huo kuna gesi iliyoyeyuka, kama ilivyo ndani ya chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Nyuso mbili za kiungo zikiachanishwa kwa haraka, kanieneo ya ndani hushuka ghafla, na gesi hujitokeza kama povu. Hilo ndilo linalolia.

Ni kitu kilekile unachofanya ukialisha vidole. Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani sauti hutokana na povu kupasuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walimvuta mtu vidole akiwa ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, na kuona kinyume chake: sauti ilitoka pale nafasi yenye gesi ilipofunguka, na nafasi hiyo ilibaki pale baada ya mlio. Ndiyo maana kidole ulichokwisha kualisha hakilii tena mpaka zipite kama dakika ishirini. Na kwa wale waliotishwa na bibi zao kwamba vidole vitaharibika: daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto tu kwa zaidi ya miaka hamsini, akalinganisha na vya kulia, hakuona yabisi upande wowote. Walimpa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2009.

Kwa hiyo mlio hauonyeshi kwamba tiba imefanya kazi, wala kimya hakimaanishi imeshindwa. Tena mara nyingi kinacholia si kile kiungo alichokilenga mtaalamu, ni jirani yake.

Kama mfupa haurudi, mbona watu husimama wakiwa wepesi? Jibu liko kwenye neva na misuli. Kiungo na misuli inayokizunguka vimejaa vipokezi vinavyoupasha ubongo habari za mkao na mvuto. Msukumo wa ghafla huvisisimua vyote kwa pamoja, na habari hizo hupunguza kwa muda nguvu ya ishara za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo. Misuli iliyokuwa imejikaza kulinda sehemu inayouma hulegea, na mtu anaweza kuinama zaidi kuliko dakika tano zilizopita. Ongeza na lile la kuguswa na mtu aliyekusikiliza nusu saa nzima, ambalo si dogo. Tatizo ni kwamba wepesi huo mara nyingi hudumu saa au siku chache. Anayeutumia kuanza kutembea na kufanya mazoezi hufaidika. Anayerudi kwenye kiti kilekile akisubiri miadi ijayo amenunua mlio.

Utafiti unasema nini? Kwa maumivu ya kiuno yasiyo na chanzo maalumu, msukumo wa viungo husaidia kwa kiasi, takriban sawa na mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa. Chuo cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kiliuweka kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017 kati ya njia za kujaribu kabla ya vidonge, na Shirika la Afya Duniani likautaja katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Kwa pumu, masikio ya watoto au msokoto wa tumbo wa kichanga, hakuna ushahidi wa kutegemea.

Madhara ya kawaida ni maumivu kidogo na uchovu kwa siku moja au mbili. Shingo ndiyo inayonitia wasiwasi. Mishipa miwili ya damu inayokwenda kwenye ubongo hupita kwenye matundu ya pembeni ya pingili za shingo, na zimeripotiwa kesi, chache sana, za mshipa kuchanika na mtu kupata kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu. Wataalamu bado wanabishana: huenda baadhi walikuwa wamekwisha chanika mshipa, na maumivu ya huo mpasuko ndiyo yaliyowapeleka kutibiwa shingo. Mimi nisingemruhusu kinyozi anizungushe kichwa baada ya kunyoa, hata bure.

Marekani watu huisomea taaluma hii miaka minne baada ya masomo ya awali ya chuo. Uingereza cheo chake kinalindwa na sheria ya mwaka 1994. Afrika Kusini inafundishwa Johannesburg na Durban. Kwetu Afrika Mashariki wako wachache, wengi wamesomea ng'ambo, kwa hiyo ni haki yako kuuliza cheti kimetoka wapi. Wanaopatikana kwa urahisi zaidi ni wataalamu wa fiziotherapia, ambao hospitali ya KCMC kule Moshi imewafundisha kwa miaka mingi. Baadhi yao pia husukuma viungo, na karibu wote watakupa mazoezi ya kufanya nyumbani.

Kuna migongo isiyopaswa kusukumwa kabisa kabla ya daktari kuiona. Ganzi kati ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, mguu kuishiwa nguvu: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mifupa iliyodhoofika kwa uzee, au saratani ya zamani, nayo inahitaji uchunguzi kwanza. Na kwetu huku kuna moja ambalo vitabu vya Iowa havilipi nafasi kubwa: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huanza kama maumivu ya kawaida, pengine bila kikohozi chochote, huku kikila pingili taratibu. Ukiumwa mgongo wiki nyingi, ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku na nguo zinazoanza kukupwaya, kapige picha na upimwe kabla mtu yeyote hajakulaza ubavu.