Wahadhiri Wawili na Mimba ya Kwanza: Maswali Waliyokuja Nayo Kliniki

Walikuja wote wawili, na hilo peke yake lilinifurahisha. Mume anafundisha takwimu, mke isimu, na wanaishi Malimbe, Mwanza, kwenye nyumba ya kupanga ambayo ukisimama kibarazani unaliona ziwa. Ilikuwa katikati ya Julai. Mimba ya kwanza, wiki ya 19, na ndiyo kwanza wanafungua kadi. Mke alichomoa karatasi kutoka kwenye rundo la mitihani ya wanafunzi: maswali yamepigwa namba, mengine yana (a) na (b). Mimi ni muuguzi mkunga, nimezoea maswali ya kunong'onezwa mlangoni wakati mtu anaondoka. Wameniruhusu niyaandike, majina nimeyaacha.

Swali: Sista, mbona unasema tumechelewa? Tulisema tumalize kwanza kusahihisha.

Mwalimu, mtoto hana habari na semista. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki ya 12, na mpaka kujifungua yafike angalau 8. Siku hiyo ya kwanza tunapima presha, uzito, mkojo, wingi wa damu, kundi la damu, malaria, VVU, kaswende na homa ya ini. Kaswende inaweza kumuua mtoto tumboni mama akiwa hasikii hata kichwa kuuma, na tiba yake ni sindano ya penisilini. Mama akikutwa na VVU anaanza dawa mapema, na uwezekano wa mtoto kuzaliwa salama unakuwa mkubwa sana. Baba naye anapimwa. Sisemi hivyo kwa kumshuku mtu, ni kwamba mama anaweza kuwa salama leo na akaambukizwa mimba ikiwa ya miezi saba.

Halafu kuna presha. Kifafa cha mimba mara nyingi hutanguliwa na presha kupanda baada ya wiki ya 20, kuanzia 140 kwa 90. Nisipokuwa na namba yako ya wiki ya 10, nitajuaje kama imepanda au ndivyo ulivyo siku zote? Mume alimgeukia mkewe: "Hawana kipimo cha mwanzo cha kulinganishia." Mtu wa takwimu, sikuhitaji kuongeza neno.

Swali: Atazaliwa lini hasa?

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha hesabu miezi 9 mbele. Yake ilianza tarehe 3 Machi, kwa hiyo ni tarehe 10 Desemba. Baba alikuwa ameshapiga hesabu kwenye kompyuta na ameshaomba asipangiwe kusimamia mitihani wiki hiyo. Nilimwambia aombe zaidi ya wiki moja, maana ni kama mtoto 1 tu kati ya 20 anayezaliwa siku ileile iliyokadiriwa. Kuanzia wiki ya 37 muwe tayari. Altrasaundi ya kuthibitisha umri wa mimba ifanyike kabla ya wiki ya 24. Ikifanywa mwishoni inakosea zaidi.

Swali: Mbona sijamsikia akicheza?

Mimba ya kwanza wengi humsikia kati ya wiki ya 18 na 22, na mwanzoni ni kama gesi inayopita tumboni. Ikifika wiki ya 24 bado kimya, njoo.

Swali: Mdogo wangu alifariki na siko seli. Sisi wazima. Kuna la kuogopa?

Hili aliliuliza mume, na kwenye karatasi lilikuwa la mwisho. Mimi ningeliweka la kwanza. Siko seli ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na Kanda ya Ziwa inao kuliko sehemu nyingi za nchi, na huku karibu mtu 1 kati ya 5 amebeba kinasaba chake bila kuumwa chochote. Sababu ni malaria: aliyebeba kinasaba kimoja anaistahimili malaria kali kuliko asiyenacho, kwa hiyo kinasaba hicho kimedumu vizazi na vizazi hapa penye mbu wengi.

Ukiwa umebeba kimoja unaitwa AS. Mke akiwa AA, yaani hajabeba hata kimoja, hakuna mtoto wenu atakayeugua. Mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa. Kila mimba, si kila watoto wanne. Watu wanapenda kuhesabu kwamba wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata wamepona, na mume alicheka maana ndilo kosa analolisahihisha kila mwaka darasani.

Kipimo ni cha damu, kinafanyika hata sasa. Mkikutwa AS wote haimaanishi mimba imeharibika. Inamaanisha mtoto apimwe mapema akizaliwa, kwa sababu SS anayejulikana tangu wiki za kwanza anapewa penisilini ya kinga, chanjo na dawa ya haidroksiyurea kwa wakati wake. Anayegundulika baada ya kuvimba vidole na kuishiwa damu ameshapoteza muda. Mkiwa mnapimwa hilo, ulizeni na kundi la damu. Mama mwenye kundi hasi na baba mwenye chanya wanahitaji mpango wa sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama kushambulia damu ya mtoto, ambayo baada ya kujifungua hutakiwa ndani ya saa 72.

Swali: Ni kweli udongo unaongeza damu?

Kabla sijajibu alifungua mkoba. Kati ya kalamu za ubaoni na flashi kulikuwa na kipande kama kidole gumba, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Anakinunua sokoni pale pale wanapouza karanga. "Nikiwa nasimamia mtihani ndiyo nakitafuna," alisema, "harufu yake tu, Sista, kama mvua ya kwanza."

Hauongezi. Udongo unashikamana na madini ya chuma yaliyo kwenye chakula na kuyazuia yasiingie mwilini, tena unaweza kuja na mayai ya minyoo, ambao wengine hunyonya damu. Mwenye upungufu wa damu ndiye mara nyingi anayeutamani, basi anaula, na damu inazidi kushuka. Tulimpima: 9.8. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Sikumgombeza, maana hamu hiyo ni kitu halisi na anayegombezwa atakula kwa kujificha. Tulimpa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, na kwa siku zile ngumu nikamwambia abebe michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) au karanga, apate cha kutafuna.

Vidonge kama hivyo alikuwa anavyo tangu mwezi uliopita, alinunua duka la dawa. Anavimeza asubuhi kwa chai ya rangi. Hapo ni sawa na kutovimeza, chai na kahawa zinazuia chuma. Vinywe kwa maji, au na chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Na dagaa wetu wa Mwanza msiwadharau kwa sababu wana bei nafuu: wanaliwa na mifupa, kwa hiyo unapata chuma na kalsiamu kwa pamoja. Waliokaushwa mchangani waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, mpaka ukipapasa chini ya beseni husikii chembe.

Swali: Bomba likikatika tunachota ziwani. Tunachemsha ya kunywa. Inatosha?

Kwa kunywa, ndiyo. Lakini anayechota anasimama wapi? Kichocho hakiingilii mdomoni, kinaingilia kwenye ngozi. Konokono wadogo wa kwenye magugu ya kina kifupi wanatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo vinapenya mguu uliolowa ndani ya dakika chache. Kwenye fukwe zetu kilichozoeleka ni kichocho cha tumbo, kile kinachoshambulia utumbo na ini, kwa hiyo kusema "mkojo wangu hauna damu" hakukuondoi kwenye hatari. Kwa mjamzito kinaongeza upungufu wa damu.

Mke alikulia Ukerewe, ameogelea tangu utoto. Basi apimwe choo. Akikutwa nacho, prazikwanteli inaruhusiwa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza, hakuna sababu ya kusubiri ajifungue. Kwa sasa baba ndiye akachote, naye avae buti za mpira. Maji ya kuoga na kufulia yakae kwenye pipa lililofunikwa siku 2 kabla ya kutumika, vijidudu vitakufa vyenyewe. Au yachemshwe.

Swali: Tunalala ndani ya chandarua. SP, hiyo dawa ya malaria, ya nini tena?

Chandarua kinapunguza kuumwa, hakimalizi. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mama hana hata homa, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. SP ni vidonge vitatu kwa mara moja, unameza mbele yetu, kuanzia mwezi wa nne wa mimba na kila baada ya mwezi mmoja, angalau mara tatu. Aliye kwenye Septrin kila siku, kama baadhi ya wenye VVU, hapewi. Huyu mwalimu alishakosa dozi ya kwanza kwa sababu ya kusahihisha.

Swali: Kahawa?

Vikombe viwili vidogo kwa siku, si zaidi. Na kiti kiwepo darasani, asifundishe kasimama muda wote.

Swali: Mama mkwe anakuja Novemba kutoka Sengerema na dawa ya kuharakisha uchungu. Tufanyeje?

Mpokeeni kwa heshima zote, na huo mzigo mwingine wa mihogo na kuku msiuache. Lakini dawa hiyo isinywewe, hata kijiko. Baadhi ya mizizi hiyo inakaza mfuko wa uzazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeweza kuipima. Mtoto anakosa hewa, na mfuko unaweza kupasuka. Hospitalini nako tunayo dawa ya kuongeza uchungu, ila inaingia tone kwa tone huku mtu anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Mwanaye amwambie mwenyewe. Mkamwana asiachiwe vita hiyo.

Swali: Likizo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo. Wakija mapacha, Kulwa na Doto, zinakuwa 100. Baba angalau siku 3, ambazo mimi naziona chache mno. Taarifa itolewe miezi 3 kabla, ikiambatana na cheti cha daktari, kwa hiyo barua yenu iwe imefika kabla ya tarehe 10 Septemba. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

Swali: Tutajuaje kwamba hili si la kusubiri kesho?

Damu ukeni, hata kidogo. Kichwa kinachogonga bila kuacha, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali sehemu ya juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba (miguu jioni baada ya vipindi vitatu ni kawaida). Degedege. Homa. Chupa kupasuka, hata bila uchungu. Mtoto aliyekuwa anacheza akapunguza. Kwa lolote kati ya haya ni kuondoka saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku.

Na Desemba ni mvua, barabara ya kwenu naijua. Nilimuuliza baba: usiku huo mtapanda nini? Akasema ataita gari kwa simu. Nikamuuliza simu ikiwa haina chaji na umeme umekatika? Akanyamaza, akaichukua kadi ya mkewe, na nyuma yake akaandika kwa penseli namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaa wao.