Je, wajua kwa nini Kaisari Konstantino ni mtakatifu kwa Waorthodoksi, lakini Roma haimtaji?

Kila tarehe 21 Mei, Waorthodoksi huadhimisha sikukuu ya Watakatifu Konstantino na Helena. Wamo pia wa Kenya, Uganda na Tanzania, ambao wako chini ya Patriaki wa Aleksandria. Katika picha zao takatifu wawili hao husimama pamoja, mama na mwana, na msalaba mkubwa katikati yao. Lakini ukifungua Martirologia ya Kiroma, yaani orodha ya watakatifu wa Kanisa Katoliki, utamkuta Helena tarehe 18 Agosti, na mwanawe hutamwona. Imekuwaje mtu mmoja awe mtakatifu mkubwa upande mmoja wa Kanisa, na upande wa pili asihesabiwe?

Tuanze na deni ambalo Wakristo waliona wanadaiwa naye. Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto, na watu wengi waliteswa au kuuawa. Oktoba 312 Konstantino alimshinda mpinzani wake Maxentius kwenye Daraja la Milvio, nje kidogo ya Roma, akaamini kwamba ushindi ule aliupewa na Mungu wa Wakristo. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Licinius walikubaliana kwamba kila mtu awe huru kuabudu, na mali ya Kanisa iliyonyang'anywa irudishwe. Miaka kumi tu ilitosha kuwatoa Wakristo gerezani na kuwafikisha ikulu.

Mwaka 325 aliwaita maaskofu Nikea kujadili mafundisho ya Ario, aliyesema Mwana si sawa na Baba. Baadhi yao walikuja na makovu ya mateso. Inasimuliwa kwamba Pafnusi, askofu kutoka Misri aliyeng'olewa jicho, alibusiwa na Kaisari palepale penye kovu. Eusebius, askofu wa Kaisarea, anaeleza jinsi walivyopita bila hofu katikati ya walinzi wenye panga wazi, wakaenda kula na mfalme. Kwa watu walioshuhudia yote mawili, mateso na karamu, Konstantino alikuwa mkombozi aliyetumwa na Mungu. Siwezi kuwalaumu kwa kumpenda.

Zaidi ya hapo, zama zile hapakuwa na mahakama ya kupima utakatifu. Siku hizi kesi huchukua miaka mingi. Mashahidi wa Uganda waliuawa miaka ya 1880 wakatangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Kesi ya Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa mtawala, ilifunguliwa na Jimbo la Musoma mwaka 2005, na maisha yake bado yanachunguzwa. Katika karne ya 4 watu walimheshimu marehemu, wakamwombea na kumwomba, askofu wao akakubali, na heshima ikaenea. Mtu wa kwanza anayejulikana kutangazwa mtakatifu na Papa kwa utaratibu rasmi ni Ulrich wa Augsburg, mwaka 993, zaidi ya miaka 650 baada ya Konstantino kufa.

Tena Konstantino mwenyewe aliisukuma heshima yake. Katika mji wake mpya, Konstantinopoli, alijenga Kanisa la Mitume Watakatifu, akaweka humo kumbukumbu za mitume kumi na wawili, na katikati yao akajitengea kaburi lake. Alipofariki Mei 337 alizikwa hapo. Kanisa la Mashariki likampa jina la heshima "Sawa na Mitume". Wakati huohuo Seneti ya Roma ilimpandisha miongoni mwa miungu, kama ilivyokuwa desturi kwa makaisari, na zikatolewa sarafu zinazomwonyesha akipaa juu katika gari la farasi. Roma ya kale na Kanisa jipya vyote vilimtukuza mtu huyohuyo, kila kimoja kwa lugha yake.

Sasa tuje kwenye nyumba yake, maana ndipo penye uzito. Mwaka 324 Konstantino alimshinda Licinius, ambaye alikuwa shemeji yake, mume wa Constantia. Dada huyo alimsihi kaka yake amwachie mumewe uhai, naye akaahidi. Haukupita muda mrefu Licinius akauawa. Mwaka 326 ikafika zamu ya Crispus, mwanawe mkubwa, kijana aliyeongoza meli za baba yake kwa ushindi katika vita ileile. Alihukumiwa kifo na kuuawa Pola, katika nchi inayoitwa Kroatia leo. Muda mfupi baadaye akafa Fausta, mke wa Konstantino na mama wa kambo wa Crispus. Waandishi wa kale wanasema alifungiwa katika bafu lililopashwa moto kupita kiasi. Mtoto wa Licinius na Constantia, ambaye hakuwa hata kijana, naye aliuawa.

Jina la Crispus likafutwa kwenye maandishi ya mawe. Eusebius alikuwa amemsifu katika historia yake ya Kanisa, lakini alipoandika maisha ya Konstantino baada ya mfalme kufa, hakumtaja kabisa, kana kwamba hakuzaliwa. Ukimya huo unaniuma kuliko mambo mengine yote, kwa sababu aliyeuandika alikuwa askofu.

Wanaomtetea wana jibu zito. Konstantino hakuwa amebatizwa wakati huo. Alibatizwa karibu na Nikomedia, mgonjwa, siku chache kabla ya kufa, akavaa mavazi meupe na kukataa kuvaa tena zambarau ya kifalme. Watu wengi wa zama zile waliahirisha ubatizo hadi mwisho kwa sababu waliamini unaosha kila dhambi iliyotangulia, kwa hiyo hilo pekee haliwezi kuwa ushahidi wa unafiki. Kwa imani ya Kanisa, yule aliyetoka kwenye maji yale alikuwa msafi kama mtoto mchanga. Ukilikubali hilo, na Mkristo ni lazima alikubali, basi swali la kama Konstantino yuko mbinguni si letu.

Ila kuna swali la pili: je, awekwe mbele ya waumini wamwige? Hapo ndipo Roma iliponyamaza, ingawa yenyewe ilinufaika sana naye, ikapewa Kanisa la Laterani na lile la Mtakatifu Petro. Kunyamaza huko hakukuzuia upendo wa watu kila mahali. Katika kijiji cha Sedilo, kisiwani Sardinia, Wakatoliki hukimbiza farasi kwa kasi kila tarehe 6 na 7 Julai kuzunguka kanisa lake, kukumbuka ushindi wa Daraja la Milvio. Helena ameingia orodhani kwa njia nyingine. Alikuwa mzee alipokwenda Palestina, akasaidia maskini, na makanisa ya Bethlehemu na Mlima wa Mizeituni yakajengwa kwa juhudi zake.

Kwa upande wangu, mizani naipata kwa kaisari mwingine. Mwaka 390 Theodosius, ambaye pia ni mtakatifu kwa Waorthodoksi, aliamuru askari wawaue watu wa Thesalonike kwa maelfu kwa sababu ya ghasia. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia barua kwamba hatatoa sadaka mbele yake mpaka atubu. Kaisari akavua alama za ufalme, akatubu hadharani mbele ya waumini. Dhambi yake ilikuwa kubwa, lakini ilitajwa kwa jina, na mwenye nayo akaikiri.

Kwa Crispus hakuna kitu cha namna hiyo. Katika maandishi ya maaskofu wa wakati ule yaliyotufikia, hakuna aliyemwambia Konstantino alichoambiwa Theodosius. Ndiyo maana nadhani Roma ilifanya haki: imshukuru kwa kufungua milango ya magereza, isimpe siku katika kalenda. Kulisaidia Kanisa ni jambo kubwa, lakini haliwezi kufuta damu ya mwana ambaye baba yake hakumtaja tena.